Kamera ya kwanza, vichochoro vya Mji Mkongwe na picha ya bibi

Boti ya saa moja asubuhi ilikuwa imeshaiacha bandari ya Dar es Salaam nyuma pale msichana wa miaka 14 alipofungua begi lake la shule na kutoa kamera iliyoviringishwa ndani ya kanga. Begi la kamera hakuwa nalo. Kanga ilikuwa ya mama yake, na masharti yalitolewa mlangoni alfajiri: kamera isilowe, isianguke, na kanga irudi.

Pembeni yake alikaa baba yake, fundi umeme wa Mbagala, pamoja na mdogo wake wa kiume wa miaka saba ambaye alikwishauliza mara tatu kama Unguja imefika. Mama yao ni muuguzi, alibaki Dar kwa sababu ya zamu.

Safari ilikuwa ya siku mbili, kwenda Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, kwa bibi mzaa baba. Lakini chanzo chake kilikuwa miezi minne nyuma, kwenye daladala, simu ya baba ilipochomolewa mfukoni bila yeye kuhisi chochote. Simu nyingine ilinunuliwa. Kilichokuwa ndani ndicho hakikununulika: picha za watoto tangu mdogo alipokuwa anatambaa, na picha za mwisho za babu yao, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Hakuna hata moja iliyokuwa imesafishwa, wala kuhifadhiwa mahali pengine.

Bibi alipopigiwa simu na kuelezwa, aliuliza jambo moja tu.

"Na zile za mzee nazo zimekwenda?"

Baba hakuwa na jibu. Wiki hiyohiyo ndipo habari ya kamera ilipoanza nyumbani, na haikuanza kwa amani. Fedha zilizokuwepo zilikuwa za mabati ya jiko. Mama aliuliza swali ambalo wazazi wengi wangeuliza: kama simu iliyobeba picha zote iliibwa, kamera nayo haiibiwi? Baada ya siku kadhaa walikubaliana hivi: kamera inunuliwe, isizidi shilingi laki tano, na kila mwezi picha kumi zisafishwe na kuwekwa kwenye albamu kabatini. Mabati yangesubiri mvua zipite.

Tochi ya fundi umeme

Anayetaka kuanza na kamera ya DSLR leo ana bahati ambayo mtu wa miaka kumi iliyopita hakuwa nayo. Canon na Nikon, kampuni mbili zilizotawala soko hilo, zimehamishia nguvu zao kwenye kamera za aina mpya zisizo na kioo ndani. Wapiga picha wa harusi wanabadilisha vifaa na kuuza vya zamani, na bei ya vilivyotumika imeshuka. Picha ya mtoto anayeanza darasa la kwanza haijui kama kamera iliyompiga ilitoka juzi au mwaka 2012.

Mwaka huo wa 2012 ndio ilipotoka Nikon D3200, kamera ambayo baba na binti waliikuta Kariakoo kwenye duka dogo la vifaa vilivyotumika. Ina megapikseli 24, zinazotosha kusafisha picha kubwa ya kutundika sebuleni. Ilikuja na lenzi yake ya kawaida, ile ya milimita 18 hadi 55, chaja na betri moja. Bei ilianzia juu, ikashuka hadi shilingi 450,000.

Baba hajui kamera, lakini anajua vifaa vya umeme vilivyotumika, na alikuja na tochi. Aliivua lenzi, akaimulika kutoka nyuma na kutazama kupitia mbele. Kwenye mji wa pwani hicho ndicho kipimo cha kwanza, maana unyevunyevu huotesha fangasi ndani ya vioo, nyuzinyuzi nyembamba kama za buibui, na zikishaenea picha hufifia. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi zikionekana, lenzi iachwe hapohapo dukani.

Kisha wakapiga picha ya ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/16, wakaikuza kwenye kioo cha nyuma kutafuta madoa. Doa moja lilionekana pembeni, la vumbi juu ya kihisi, nalo husafishika. Mwisho waliomba kuchukua faili la picha moja wakalisome kwenye kompyuta. Idadi ya picha ambazo kamera imeshapiga haionekani kwenye menyu ya kamera hiyo, lakini imeandikwa ndani ya kila faili, na zipo programu za kuisoma. Ilikuwa imepiga 31,000 na kidogo. Kamera za daraja hilo huhesabiwa kufika takriban 100,000 kabla shata haijachoka, kwa hiyo maisha yake mengi yalikuwa bado mbele.

Hadi hapo walifanya kila kitu sawasawa. Kosa lilikuja mlangoni, muuzaji alipowaita na kuwaonyesha lenzi ya pili, Nikon ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, kwa shilingi 80,000. Ilikuwa ndogo, nyepesi, vioo vyake safi kama maji ya mtungini. Jumla ingevuka laki tano walizoagana nyumbani. Baba alimpigia simu mama, kukawa na kimya kirefu, kisha ruhusa ikatoka. Muuzaji alisema inafunga vizuri kwenye kamera ile. Ni kweli, inafunga. Nyumbani ndipo walipogundua kuwa haitafuti fokasi yenyewe.

Hili linawapata wanunuzi wengi wa mara ya kwanza. Mdomo ambao Nikon hufungia lenzi zake umekuwepo tangu mwaka 1959, ndiyo maana lenzi nyingi za zamani huingia kwenye kamera za jana. Lakini lenzi nyingi zenye alama D, kama ile, hazina mota ndani. Zinategemea mota iliyomo kwenye kamera, na kamera ndogo za Nikon, ikiwamo D3200, hazina mota hiyo. Kwao ni lenzi zenye mota ndani, kama zile zenye alama AF-S, ndizo zinazotafuta fokasi zenyewe. Canon walichukua njia nyingine: tangu mwaka 1987 lenzi zao za EF zina mota ndani, hivyo mnunuzi wa Canon hana kitendawili hiki. Chake ni kingine, kwamba lenzi za EF-S hazifai kwenye kamera zao zenye kihisi kikubwa.

Binti alilia kidogo. Baba alitaka kuirudisha lenzi, lakini duka lilikuwa na bango la kutorudisha mali. Ikafungwa kwenye soksi safi na kuwekwa chini kabisa ya begi, pamoja na vifurushi vile vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Ukuta mweupe, uso mweusi

Kwenye boti binti alipiga picha nne tu. Upepo ulikuwa unarusha maji ya chumvi, na alikumbuka kanga na masharti yake. Mdogo wake aliomba ajaribu, akaruhusiwa kutazama tu. Aliweka jicho kwenye kitundu na kusema anauona mji "wa kweli kabisa". Hakukosea. Kwenye simu mtu hutazama televisheni ndogo. Kwenye DSLR mwanga wenyewe huingia kwa lenzi, ukagonga kioo kilichoinama ndani ya kamera, ukapanda juu hadi kwenye jicho. Kitufe kikibonyezwa, kioo huruka juu, shata hufunguka, mwanga hukifikia kihisi, na kioo hurudi chini. Ndiyo sauti ile, klap, ambayo simu huigiza.

Waliteremka Malindi wakafuata barabara ya Mizingani, kamera ikiwa imerudi kwenye kanga. Eneo la bandari na majengo ya vyombo vya usalama si pahala pa kujifunzia kupiga picha, na baba hakutaka kuanza safari kwa kujieleza kwa askari.

Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni shule ngumu kwa kamera ya kwanza. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba za mawe na chokaa zimepanda ghorofa mbili tatu kila upande, na jua la saa nne asubuhi huangukia ukuta mmoja tu. Upande huu mwanga unaumiza macho. Hatua mbili mbele ni kiza. Jicho la mtu huzoea, kamera haizoei.

Binti alimsimamisha mdogo wake mbele ya ukuta uliopigwa chokaa, jua likiwa limeujaa. Picha ya kwanza ilitoka na ukuta wa kijivu na mtoto asiye na sura, meno tu. Ya pili vilevile. Baba alidhani kamera ni mbovu.

Kamera haikuwa mbovu. Kipimo cha mwanga ndani yake hudhani kwamba kila kinachotazamwa, kikichanganywa pamoja, kina mng'ao wa wastani. Ikiona ukuta mweupe umejaa, inafikiri mwanga umezidi na kuupunguza, na uso wa mtoto mweusi aliyesimama hapo unazama. Mama aliyevaa buibui akipigwa karibu, mambo hugeuka: kamera huona weusi mwingi, ikaongeza mwanga, na buibui likatoka limepauka. Dawa ni kitufe kidogo chenye alama ya kujumlisha na kutoa, jirani na kitufe cha kupigia. Ukuta mweupe, ongeza moja. Nguo nyeusi imetawala, punguza kidogo. Familia nyingi zina albamu za sherehe ambamo bibi harusi anaonekana na shangazi zake wote ni vivuli, na mpiga picha alilipwa.

Alipoongeza moja, uso wa mdogo wake ulitokea, pamoja na kovu la paji la uso alilolipata kwa kuanguka kwenye mwembe. Alipomsogeza ndani ya kivuli cha mlango, picha ikawa nzuri zaidi bila kubonyeza chochote. Mlangoni, mtu akiwa kivulini na uso ameuelekeza nje kwenye mwanga, ngozi hung'aa taratibu na macho hayafinyi. Mji Mkongwe una milango mingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu kwa asubuhi moja, ile ya kuchongwa yenye vichwa vya shaba, mingine imepinda juu kwa mtindo uliotoka Bara Hindi. Watalii huipiga milango. Binti aligundua kuitumia.

Lenzi ya 18 hadi 55 ilimfundisha jambo jingine mbele ya Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883. Akiwa kwenye 18 alipata jumba zima, lakini mdogo wake aliyesimama karibu sana na lenzi alitoka na kichwa kikubwa na miguu ya sisimizi. Alirudi nyuma hatua kumi, akazungusha hadi 55, na mtoto akarudi kuwa mtoto. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 25, 2020. Baba alikumbuka kuwa alishawahi kumpiga binti huyu mbele ya jumba hilo likiwa zima, akiwa amebebwa na babu yake mabegani. Picha hiyo nayo ilikuwa kwenye simu iliyoibwa. Hakulisema hilo kwa watoto.

Mzee wa kahawa

Zanzibar ilizoea kamera mapema. Karne ya 19 haikuwa imekwisha wakati Wagoa kama A. C. Gomes walipokuwa na studio hapa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye iliendeshwa na mwanawe, Rohit Oza. Picha nyingi za zamani za mji huu zinazojulikana leo zimepitia mikono ya watu hao. Enzi hizo mtu alivaa, akaenda studio, akakaa, akapigwa kwa hiari yake.

Leo mambo ni tofauti, na somo lilitolewa Jaws Corner, pale wazee wanapokunywa kahawa na kubishana mpira na siasa. Mzee mmoja alikuwa ameinua kikombe, mwanga ukimpiga shavuni vizuri mno. Binti aliinua kamera. Klap.

Baraza zima lilinyamaza.

"Wewe mtoto," alisema mzee, bila ukali, "mimi nawe tumejuana?"

Baba alisogea haraka. "Shikamoo mzee. Samahani sana. Ni mwanangu, anajifunza."

"Marahaba. Basi na hilo ajifunze kwanza."

Binti aliamkia, akaomba radhi, akamwonyesha mzee ile picha kwenye kioo cha nyuma na kuuliza kama aifute. Mzee aliitazama kwa muda akiwa ameishika kamera mbali na macho yake. Akasema ifutwe. Ikafutwa palepale mbele yake. Kisha akawaagizia kahawa na kashata, akauliza baba ni mtoto wa nani, na ilipojulikana ni wa Kiponda, akamtaja marehemu babu kwa jina la utani ambalo watoto hawakuwahi kulisikia. Walikaa nusu saa. Walipoinuka, mzee alivuta kofia yake ikae vyema, akasema sasa apigwe.

Picha ya pili, kusema kweli, haikuwa na mwanga mzuri kama ile ya kwanza. Jua lilikuwa limeshahama.

Kama mlango

Bibi anakaa ghorofa ya kwanza, juu ya ngazi ya mbao ambayo wajukuu hupenda kuikimbilia na baba huiogopa. Waliingia kwa hodi, wakapokewa kwa wali wa nazi na samaki, na kamera haikutajwa hadi vyombo vilipoondolewa.

Alipoiona, bibi alitikisa kichwa. "Mie nishazeeka, mwanangu. Picha ya nini?"

Baba alianza kueleza habari ya simu, akaishia njiani. Bibi akaendelea mwenyewe. Kila akikaa barazani chini kupunga upepo, alisema, wageni hupita na kumpiga. Hawasalimu, hawaulizi. "Wananipiga kama wanavyoupiga mlango." Kwa hiyo siku hizi akisikia nyayo za viatu vizito kichochoroni huingia ndani.

Hakuna aliyemshinikiza. Hapo baba alifanya jambo la busara, nalo ni kunyamaza. Binti aliiweka kamera mezani na kuomba aone sanduku. Sanduku lilivutwa kutoka chini ya kitanda, na ndani yake, kati ya karatasi za hati na vitenge vipya visivyoshonwa, ilikuwamo picha pekee ya babu iliyobaki duniani, akiwa kijana kwenye studio, amevaa kanzu na koti, mkono mmoja juu ya kiti. Nyuma yake palikuwa na muhuri uliofutika. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini na bado macho yake yalikuwa yanaonekana vizuri. Mdogo wake alisema babu anafanana na baba. Bibi akacheka.

Binti akaomba kupiga ile picha, ili wawe na nakala. Hilo bibi aliliridhia. Waliilaza juu ya meza karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, kamera ikatazama chini ikiwa sawa na meza ili pembe zisipinde. Alipiga nne. Kwa mara ya kwanza tangu simu iibwe, sura ya babu ilikuwa mahali pawili.

Labda ni hilo lililombadilisha bibi, au ni uchovu wa chakula cha mchana. Aliuliza ile sauti ni ya nini. Akaelezwa habari ya kioo. Akasema hiyo ni bora kuliko simu, maana mtu anajua saa ngapi amepigwa. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, na simu ikielekezwa kwake haoni wala hasikii kitu. Kisha akajifunga upya kanga yake, akakaa pembeni ya kitanda. "Haya. Lakini mie siinuki hapa."

Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye mbao zilizofungwa nusu. Binti alipiga kwa lenzi ya kawaida. Ukungu mtupu. Akaongeza ISO hadi 1600, bado kasi ya shata ilikuwa sehemu ya kumi ya sekunde, na bibi aliyekuwa akizungumza akatoka na midomo miwili. Angeweza kuwasha taa ya flashi iliyo juu ya kamera, na alijaribu mara moja: uso ulibapa, kivuli cheusi kikasimama ukutani nyuma yake, na bibi akafumba macho na kusema amepofushwa.

Ndipo ile soksi ilipotolewa chini ya begi.

Lenzi ya kawaida, ikiwa imevutwa hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Ile ya 50 hufunguka f/1.8. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na tofauti ya hizo mbili ni karibu mara kumi ya mwanga. Chumba kilekile, dirisha lilelile, mwanga mara kumi. Binti alilijua hilo, alikwishalisoma. Alifunga dirisha kwanza ili upepo usiingize vumbi, akabadilisha lenzi kamera ikitazama chini, akaiwasha, na badala ya namba kamera ikaandika fEE na kukataa kupiga.

Bibi alisubiri. Mdogo alianza kuimba. Baba, ambaye maisha yake yote amekutana na mashine zinazoandika herufi zisizoeleweka, aliigeuza lenzi mkononi na kuuliza ule mduara wenye namba ni wa nini. Ulikuwa umesogea ndani ya soksi. Lenzi hizi za zamani zina mduara wa kuchagua tundu kwa mkono, na kwenye kamera za kisasa ni lazima uzungushwe hadi namba kubwa ya mwisho, 22, na kufungwa kwa kifuli kidogo cha pembeni. Baada ya hapo kamera huchagua yenyewe. Ukisogea, fEE. Kilio cha Kariakoo kilihusu mota. Habari ya mduara muuzaji hakuitaja, na huenda hata yeye hakuijua.

Dirisha likafunguliwa tena, safari hii lote. Sasa kasi ilikuwa salama, lakini fokasi ilibaki kazi ya mkono. Kwenye f/1.8, kwa mtu aliyekaa mita moja na nusu, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita sita hivi, yaani vidole vitatu. Fokasi ikiangukia sikio, jicho limepotea. Chini kushoto, ndani ya kitundu cha kutazamia, kuna nukta ya kijani inayowaka fokasi inapokuwa sawa. Binti alielekeza alama ya katikati kwenye jicho la bibi, lile la kulia lisilo na ukungu, akazungusha lenzi polepole hadi nukta ilipowaka na kutulia. Akashusha pumzi. Bibi alikuwa amemgeukia mjukuu wake mdogo, akimsimulia jina lile la utani la babu lilitoka wapi. Lilitokana na mbuzi, na zaidi ya hapo halifai kwa ukurasa huu.

Klap.

Alipiga 23. Kumi na tano zilikuwa ukungu, maana bibi akisimulia huyumba mbele na nyuma. Tano zilikuwa nzuri. Katika moja kati ya hizo mdomo wake uko wazi kwa kicheko, kanga imeteleza kidogo, mkunjo mmoja mmoja wa shavu unahesabika, na nyuma ya kichwa chake mbao za dirisha zimeyeyuka kuwa rangi tu.

Baba aliomba kamera, akaitazama picha ile muda mrefu, akatoka kwenda kusimama kwenye ngazi.

Jioni walikwenda Forodhani, ambako vijana hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani. Kwa mambo kama hayo lenzi ya kawaida ilirudi, kamera ikawekwa kwenye S na kasi ikafungwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, ili mwili ugande hewani na kila tone lionekane. Binti aliwaomba vijana kwanza. Walifurahi kupita kiasi, wakaruka hadi jua lilipozama. Mdogo wake aliishia kwenye mishkaki.

Usiku, kabla ya kulala, kulikuwa na kazi. Kamera ilifutwa chumvi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa, kioo cha lenzi kikapulizwa bila kuguswa kwa kidole. Betri ikawekwa chaji. Kisha picha zote zikahamishwa kwenye simu ya baba, na zile tano, pamoja na nakala ya babu, zikatumwa kwa mama Dar kama faili zima ili zisibanwe ukubwa. Kadi haikufutwa. Sasa zilikuwa mahali patatu, na mama alijibu saa tano usiku akiwa zamu, kwa kuuliza zitasafishwa lini.

Asubuhi ya kuondoka bibi aliwasindikiza hadi barazani, akakaa. Viatu vizito vilisikika kwenye kona, wageni wawili wakapita wakiwa wameinua simu zao. Safari hii hakuingia ndani. Alinyoosha mkono kwa mjukuu wake na kusema naye anataka kubonyeza.

Binti alimvalisha mkanda shingoni, akamwekea kidole kwenye kitufe. Baba alisimama katikati ya kichochoro, mikono ubavuni kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Bibi hakuweka jicho kwenye kitundu, aliielekeza tu kamera kwenye sauti ya mwanawe.

Klap.

Kichwa kimekatwa juu ya nyusi, ukuta umepinda, na mguu mmoja wa mjukuu umeingia pembeni. Picha ilisafishwa Dar wiki iliyofuata kwa ukubwa wa inchi nane kwa kumi, nakala mbili, pamoja na ya kicheko na ya babu. Nakala moja ilipelekwa Kiponda na jirani anayevuka kila Ijumaa, na bibi alipiga simu kuuliza kwa nini wamechelewa.